Mchezo Upi Unapendwa Zaidi Shuleni? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kulinganisha Alama za Wanafunzi

Ukurasa huu ni wa walimu na wanafunzi wa Lamu wanaotaka kujua mchezo upi unapendwa zaidi shuleni kwao, na kulijua jambo hilo kwa njia ambayo mtu mwingine akiikagua ataikuta imesimama. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na maswali haya ndiyo yanayonijia kila msimu wa miradi ya takwimu unapofika. Namba zote za mifano nimezitunga kwa ajili ya kufundishia; si matokeo ya shule yoyote.

Kwa nini tusiinue mikono tu darasani tukahesabu?

Mikono hutaja chaguo la kwanza pekee. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, na 14 kati yao wanainua mikono kwa kandanda, 12 kwa kuogelea, na waliobaki wanagawana michezo mingine. Kandanda imeshinda. Lakini huenda wale 26 wengine hawataki hata kuiona, na kuogelea ni chaguo la pili la karibu kila mtu. Kwa shule yenye pesa za kununua vifaa vya mchezo mmoja, habari hiyo ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, na mikono haiwezi kuitoa.

Isitoshe, mtoto huinua mkono akimtazama rafiki yake kwanza. Mpe kila mmoja karatasi, ajaze peke yake, bila jina juu yake.

Niweke michezo gani kwenye orodha?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hata hesabu haijaanza. Mwalimu huchukua michezo ya mashindano ya shule (kandanda, voliboli, netiboli, mpira wa mikono, riadha) akafunga orodha. Kwa Lamu, orodha hiyo imeacha nje nusu ya maisha ya watoto. Pita Mkunguni mbele ya Ngome wakati wa alasiri uone wazee na vijana walioinamia bao na dhumna. Pita ufuoni uone wanaojirusha majini. Kuna keram na karata, kuna mashindano ya mashua za tanga, kuna mbio za punda, kuna kuruka kamba na ule mchezo wa kati ambapo wawili wanarushiana mpira na wa katikati anakwepa. Siku hizi kuna michezo ya simu pia, na mtoto anayeipenda ana haki ya kuikuta kwenye karatasi.

Usiweke yote. Michezo 6 hadi 8 inatosha. Ikizidi hapo wanafunzi huchoka na kuanza kuandika 3 kila mahali. Zungumza nao kwanza kwa siku moja, waulize walicheza nini tangu juzi, kisha uchague ile iliyotajwa zaidi.

Taja mchezo kwa namna ambayo wote wataelewa kitu kimoja. Bao ni mfano mzuri. Bao kamili la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na lina hatua mbili, namua na mtaji, zenye sheria zinazomchukua mtu miaka kuzimudu. Watoto wengi hucheza bao jepesi lenye mashimo machache waliyochimba mchangani. Ukiandika "bao" tu, mmoja atatia alama akifikiria lile la babu yake na mwingine akifikiria lile la uwanjani. Andika "bao la kete, la mashimo 32", au uyatenge yawe michezo miwili.

Niulize wanapenda kucheza au wanapenda kutazama?

Chagua moja, na uiandike ndani ya swali lenyewe. Mbio za punda hutazamwa na mji mzima, ila wanaopanda ni wachache na karibu wote ni wavulana. Mpira wa Uingereza hujaza vibanda usiku, na baadhi ya wanaoshangilia humo hawajawahi kupiga mpira tangu gredi ya 3. Kama nia yako ni kupanga kipindi cha michezo, uliza: "Unapenda kiasi gani KUCHEZA mchezo huu?" Ukitaka vyote viwili, weka safu mbili na usizijumlishe kamwe.

Alama 1 hadi 5, au 1 hadi 10?

Mimi natumia 5: sipendi kabisa, sipendi, katikati, napenda, napenda sana. Mtindo huu wa ngazi ulienea kutokana na kazi ya Mmarekani Rensis Likert ya mwaka 1932, na umedumu kwa sababu mtu anaweza kuzitofautisha ngazi tano kwa maneno. Muulize mtoto tofauti ya 6 na 7 ni nini, hatakujibu. Kwa madarasa ya chini tumia nyuso, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka, lakini ziwe tano zilezile.

Changanya mpangilio wa michezo katika karatasi mbalimbali. Mchezo ulio juu kabisa hupata alama kabla mtoto hajaamua ukali wake, na ulio chini hupata alama ya uchovu. Matoleo mawili au matatu ya karatasi yanatosha kupunguza tatizo hilo.

Mwanafunzi hajawahi kucheza mchezo fulani. Nimpe sifuri?

Hapana. Sifuri inasema anauchukia, na yeye hana habari nao. Weka kisanduku cha sita kilichoandikwa "sijawahi kucheza", na kwenye hesabu nafasi hiyo ibaki wazi. Tofauti hii si ndogo katika kaunti yetu. Mtoto wa Shela au Matondoni amekulia majini. Mwenzake wa Mpeketoni au Witu huenda hajawahi kuingia baharini. Ukigeuza "sijawahi" kuwa sifuri, utaandika kwamba watoto wa bara hawapendi kuogelea, kumbe hawana pwani.

Hesabu pia ni wangapi waliotia alama kwenye kisanduku hicho. Wakati mwingine hilo ndilo jibu kubwa kuliko yote mliyopata.

Ni wakati gani mzuri wa kugawa karatasi?

Wakati wa kawaida, na kwa Lamu wakati wa kawaida unahitaji kuchaguliwa. Maulidi huja na mbio za punda, mashindano ya mashua, kuogelea na bao. Ukigawa karatasi wiki inayofuata, michezo hiyo itapanda. Ramadhani inabadilisha alasiri nzima ya mtoto. Kusi ikivuma, kati ya Aprili na Septemba hivi, bahari huchafuka na wazazi wengi huwakataza wadogo kuogelea upande ulio wazi. Agosti 2025, michuano ya CHAN ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na Harambee Stars wakafika robo fainali, kupima mapenzi ya kandanda kungekuwa kupima homa ya mwezi ule.

Mkitaka kulinganisha mwaka na mwaka, kumbukeni kwamba Maulidi huwa Mfunguo Sita, na mwezi huo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya Januari hadi Disemba. Tarehe ileile ya shule, baada ya miaka michache, haitakuwa tena umbali uleule kutoka sikukuu. Andika kwenye ripoti siku mliyokusanya majibu na kulikuwa na nini wiki hiyo.

Nimepata wastani wa kila mchezo. Si nimemaliza?

Bado. Tazama wanafunzi kumi waliotia alama michezo miwili:

Kandanda: 5, 5, 5, 5, 5, 1, 1, 1, 1, 1
Voliboli: 3, 3, 3, 3, 3, 3, 3, 3, 2, 4

Jumlisha, gawa kwa 10: wastani wa zote mbili ni 3. Lakini kandanda imeligawa darasa vipande viwili, na voliboli haimsisimui wala haimuudhi mtu. Mwalimu wa michezo akisoma wastani peke yake atazishughulikia sawa, na atakosea zote mbili.

Kwa hiyo, kabla ya wastani, chora idadi: wangapi walitoa 1, wangapi 2, hadi 5. Kisha toa wastani, na mkengeuko sanifu unaoonyesha alama zimetawanyika kiasi gani. Kwa mfano wetu, mkengeuko sanifu wa kandanda ni 2.1 hivi na wa voliboli ni 0.5 hivi. Hapo kila mtu anaona.

Kuogelea ina wastani wa 4.0 na kandanda 3.3. Nitajuaje kwamba tofauti hiyo si ya sadfa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ningependa kila mwanafunzi wa takwimu alijibu kwa mkono wake angalau mara moja kabla ya kugusa kompyuta. Tuchukue wanafunzi kumi, A hadi J:

Mwanafunzi: A, B, C, D, E, F, G, H, I, J
Kandanda: 4, 3, 5, 2, 4, 1, 3, 4, 2, 5
Kuogelea: 5, 4, 5, 3, 5, 2, 4, 5, 3, 4

Jumla ya kandanda ni 33, ya kuogelea ni 40. Tofauti ya wastani ni 0.7.

Njia ya kwanza, ambayo wengi huikimbilia, ni kuchukua safu hizi kana kwamba ni vikundi viwili vya watu wasiojuana: kumi walioulizwa kuhusu kandanda, na kumi wengine walioulizwa kuhusu kuogelea. Ukifanya jaribio la t la vikundi viwili huru (tofauti ya wastani gawa kwa kiasi ambacho ingeyumba kwa sadfa tu) utapata t = 1.30. Kwa digrii huru 18 (watu 20 toa vikundi 2), inatakiwa ipite 2.10 ndipo tuseme tofauti ni vigumu kuwa sadfa. Haijapita. Thamani ya p, yaani uwezekano wa sadfa peke yake kuleta tofauti kubwa kama hii au zaidi, ni kama 0.21. Utaandika: "Hakuna tofauti iliyoonekana."

Sasa rudi utazame watu wenyewe. F ni mkali wa alama: kandanda 1, kuogelea 2. E ni mpole: 4 na 5. Wote wawili wanasema jambo moja, kwamba wanapenda kuogelea zaidi kwa ngazi moja. Ni kama wachuuzi wawili wa samaki wenye mizani tofauti: huwezi kulinganisha kilo za huyu na za yule, ila unaweza kuamini kwamba changu aliye mzito kuliko tewa katika mizani ya huyu, na vilevile katika mizani ya yule, kweli ni mzito zaidi. Njia ya kwanza imechanganya ukali na upole wa wanafunzi ndani ya hesabu ya michezo, na ukelele huo ukaifunika tofauti tunayoitafuta.

Njia ya pili inamlinganisha kila mwanafunzi na nafsi yake. Toa kandanda kutoka kuogelea kwa kila mmoja:

+1, +1, 0, +1, +1, +1, +1, +1, +1, −1

Wastani wa tofauti hizi bado ni 0.7. Mkengeuko sanifu wake ni 0.675 tu, kwa sababu ukali wa F na upole wa E umejifuta katika kutoa. Gawa 0.675 kwa kipeuo cha pili cha 10 (3.16 hivi), upate 0.213. Kisha 0.7 gawa kwa 0.213 ni 3.28. Kwa digrii huru 9 (tofauti 10 toa 1) kizingiti ni 2.26, nasi tumekipita kwa mbali. Thamani ya p ni kama 0.01.

Namba zilezile, watoto walewale, hitimisho mbili. Iliyo sahihi ni ya pili, kwa kuwa wanafunzi walewale ndio waliotia alama michezo yote miwili. Hili linaitwa jaribio la t la jozi. Ukiona ripoti ya mradi yenye wanafunzi walewale na jaribio la vikundi huru, irudishe kwa upole ikarekebishwe.

Lakini alama 1 hadi 5 ni ngazi tu, si kipimo kama mita. Jaribio la t linaruhusiwa?

Wataalamu wamebishana hapa tangu Stanley Smith Stevens alipoainisha aina za vipimo mwaka 1946. Kwa kanuni kali, umbali kutoka "sipendi" hadi "katikati" huenda si sawa na kutoka "napenda" hadi "napenda sana", na wastani unadhani ni sawa. Kwa uzoefu wa kazi, jaribio la t huhimili alama za aina hii mradi wanafunzi si wachache mno. Mimi nashauri ufanye na jaribio lisilodai umbali, kisha uone kama yanakubaliana.

Jepesi kuliko yote ni jaribio la alama za kujumlisha na kutoa. Katika mfano wetu mwanafunzi C ana sifuri, muweke kando. Wamebaki 9, 8 wamependelea kuogelea, 1 kandanda. Kama michezo hii ingekuwa inapendwa sawasawa, kila mtoto angekuwa na nusu kwa nusu ya kuelemea upande wowote, na njia zote zinazowezekana kwa watoto 9 ni 2 × 2 × 2... mara tisa, yaani 512. Njia za kupata 8 upande wa kuogelea ni 9, na ya kupata wote 9 ni 1. Jumla 10. Hesabu na upande wa pili, maana matokeo yangeweza kuelemea kandanda vilevile: 20 kwa 512, ambayo ni 0.039. Hiyo ndiyo p, na iko chini ya 0.05, kizingiti kilichozoeleka. Hesabu hii inafanyika ubaoni kwa chaki na darasa zima linaielewa.

John Arbuthnot alitumia wazo hilihili mwaka 1710 kwa rekodi za ubatizo za London: miaka 82 mfululizo wavulana walizidi wasichana, na akaonyesha kwamba sadfa peke yake isingeweza kuleta mfululizo huo.

Jaribio la Wilcoxon la mwaka 1945 huenda hatua moja mbele, kwa sababu linazingatia pia ukubwa wa tofauti: mtoto aliyetoka 1 hadi 5 anahesabiwa zaidi ya aliyetoka 3 hadi 4. Katika mfano wetu tofauti zote ni 1, kwa hiyo haliongezi kitu. Kwa data halisi huongeza.

Nina michezo minne au zaidi. Nifanye jozi zote moja moja?

Usianzie hapo. Michezo 4 ina jozi 6, na michezo 10 ina jozi 45. Kila jaribio la kizingiti cha 0.05 lina nafasi 5 katika 100 ya kukudanganya pale ambapo hakuna tofauti. Kwa majaribio 6 yasiyotegemeana, nafasi ya kudanganywa angalau mara moja ni kama asilimia 26. Kwa 45 ni kama asilimia 90. Ukitafuta sana utapata tu, na utakachopata huenda ni upepo.

Anza na jaribio moja linalouliza swali la jumla: je, kuna mchezo wowote unaotofautiana na mingine? Kwa wanafunzi walewale na alama za ngazi, jaribio lake ni la Milton Friedman, alilolitoa mwaka 1937, miaka mingi kabla ya Nobel yake ya uchumi ya 1976.

Linakwenda hivi. Kwa kila mwanafunzi, panga michezo yake kwa nafasi, anaoupenda kidogo kabisa ukipata 1 na anaoupenda zaidi ukipata 4. Wakifungana, wagawane: aliyetoa kandanda 5, kuogelea 5, bao 3 na kuruka kamba 1 anapata nafasi 3.5, 3.5, 2 na 1. Kisha jumlisha nafasi za kila mchezo. Tuseme kwa wanafunzi 10 wasiofunganisha tumepata: kandanda 31, kuogelea 30, bao 22, kuruka kamba 17. Hakikisha jumla kuu ni 100. Kama si 100, umekosea kujumlisha.

Zidisha kila jumla kwa yenyewe, jumlisha: 961 + 900 + 484 + 289 = 2634. Zidisha kwa 12, gawa kwa (10 × 4 × 5), yaani wanafunzi × michezo × michezo ongeza 1, upate 158.04. Toa 3 × 10 × 5, yaani 150. Jibu ni 8.04. Kwa michezo minne kizingiti ni 7.81. Tumepita, kwa unyoya.

Friedman amesema kuna tofauti. Sasa ni mchezo upi?

Sasa ndipo jozi zinaruhusiwa, na kizingiti kikiwa kikali zaidi. Njia ya Bonferroni ni kugawa 0.05 kwa idadi ya jozi: kwa jozi 6, kila moja lazima iwe chini ya 0.0083. Njia ya Sture Holm ya mwaka 1979 inalinda vilevile bila kubana sana: panga thamani za p kuanzia ndogo, ya kwanza ilinganishe na 0.05 gawa kwa 6, ya pili na 0.05 gawa kwa 5, na kuendelea, ukisimama pale ya kwanza inaposhindwa. Ninapendekeza Holm kila mara.

Kwa mfano wetu hapo juu, kandanda na kuogelea zenye 31 na 30 hazitatofautishwa hata kidogo. Usiandike kwamba kandanda ni ya kwanza. Andika kwamba mbili hizo ziko pamoja juu.

Thamani ya p ya 0.04 maana yake ni kwamba nina uhakika wa asilimia 96?

La. Maana yake ni hii: kama michezo ingekuwa inapendwa sawasawa, tofauti kubwa kama hii au zaidi ingetokea mara 4 hivi katika 100 kwa sadfa. Haisemi una uhakika kiasi gani, wala haisemi tofauti ni kubwa. Ukiuliza wanafunzi 1,000, tofauti ya 0.1 katika ngazi tano inaweza kuwa na p ndogo sana, na bado hakuna mkuu wa shule atakayebadilisha ratiba kwa ajili yake. Kila mara andika ukubwa wa tofauti kando ya p.

Na p kubwa haisemi kwamba michezo iko sawa. Inasema data yako haijatosha kuitenganisha.

Wavulana na wasichana wanatofautiana. Nifanyeje?

Hawa ni vikundi viwili vya watu tofauti kweli, kwa hiyo hapa vikundi huru ndiyo njia yake: jaribio la t la kawaida, au la Mann na Whitney la mwaka 1947 kwa alama za ngazi.

Lakini onyo langu kubwa ni kuhusu kulinganisha shule na shule. Tuseme katika shule mbili, moja mjini na moja kisiwani Pate, wavulana wanatoa kandanda wastani wa 4.6 na wasichana 2.2, sawasawa kabisa kote kuwili. Shule ya kwanza imeuliza wavulana 30 na wasichana 10: wastani wa jumla ni 4.0. Ya pili imeuliza wavulana 10 na wasichana 30: wastani ni 2.8. Mtu atasoma kwamba Pate hawapendi mpira. Hakuna tofauti yoyote ya mapenzi hapo. Kuna tofauti ya walioulizwa. Tenga vikundi kwanza, kisha ulinganishe wasichana na wasichana, wavulana na wavulana.

Na wasichana wanapotoa 2 kwa kandanda, uliza kama wanapewa uwanja. Namba inakuambia alama iliyoandikwa. Sababu utaipata kwa kukaa nao na kuwasikiliza.

Niulize wanafunzi wangapi?

Kwa alama zenye mkengeuko sanifu wa 1.2, wastani wa wanafunzi 25 unaweza kuyumba kwa 0.47 hivi kila upande. Wa wanafunzi 100, kwa 0.24. Ukitaka kupunguza myumbo kwa nusu, uliza watu mara nne zaidi. Kwa kulinganisha jozi utahitaji wachache kuliko hao, kama tulivyoona.

Muhimu zaidi ya idadi ni namna ya kuwachagua. Wanafunzi 60 waliochaguliwa kwa kura kutoka daftari la mahudhurio ni bora kuliko 200 uliowakuta uwanjani wakati wa mapumziko, kwa sababu waliokuwa uwanjani ndio wapenda mpira.

Kompyuta inahitajika?

Kwa darasa moja, hapana. Ikiwepo, lahajedwali lolote linatosha. Katika Excel, fomula ya T.TEST huuliza aina mwishoni: andika 1 kwa jozi, 2 kwa vikundi huru. Namba hiyo moja ndiyo inayobeba somo lote la kuogelea na kandanda hapo juu, basi iangalie mara mbili. Kwa Friedman na Wilcoxon tumia R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure; amri ni friedman.test na wilcox.test, na kwa hii ya pili usisahau kuandika paired = TRUE. Panga data yako mwanafunzi mmoja kwa mstari mmoja, mchezo mmoja kwa safu moja.

Lazima niombe ruhusa ya wazazi?

Ukiandika majina au habari zinazoweza kumtambulisha mtoto, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Njia nyepesi ni kutoyataka majina kabisa. Jihadhari na darasa dogo: "msichana, miaka 15, gredi ya 8" shuleni kwenye wasichana watatu tayari ni jina. Na hata bila majina, mwambie mkuu wa shule mapema, na mwambie mtoto kwamba anaweza kukataa.

Matokeo niyaandikeje?

Kwa sentensi ambazo mzazi aliyesimama kwenye mbao za matangazo ataelewa. Kwa mfano wetu wa kumi ningeandika hivi: "Wanafunzi 10 walitia alama kandanda na kuogelea, kuanzia 1 hadi 5. Wanane walipendelea kuogelea, mmoja kandanda, mmoja hakutofautisha. Wastani wa tofauti ni 0.7 (jaribio la t la jozi, t = 3.28, digrii huru 9, p karibu 0.01). Karatasi zilijazwa Februari, bahari ikiwa shwari." Weka na mchoro wa idadi ya alama kwa kila mchezo. Usiweke mchoro wa duara wenye rangi nane. Hakuna anayeweza kuusoma.

Karatasi za majibu nizihifadhi muda gani?

Hadi mradi usahihishwe na mtu wa pili awe ameingiza upya angalau sehemu ya karatasi na kukuta namba zilezile. Zifunge pamoja na nakala moja tupu ya hojaji, ili watakaorudia mwakani waulize swali lilelile, neno kwa neno.